Kwenda Butiama: mwongozo kamili wa kuzuru Mwitongo, alikozaliwa Mwalimu Nyerere

Wageni wengi wa Butiama hukaa dakika arobaini. Gari linasimama, watu wanashuka wakijinyoosha, wanapelekwa kaburini, picha zinapigwa, makumbusho yanapitiwa mbiombio, kisha dereva anapiga honi. Nami mara ya kwanza nilikwenda hivyohivyo. Nikarudi nyumbani na picha kumi na mbili, na nilipoulizwa nimeona nini, nikajibu, "Kaburi." Mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikashinda kutwa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba lile kaburi nililoliona ni mwisho wa habari tu. Habari yenyewe imetapakaa kijiji kizima, kwenye miamba, kwenye maghala ya nafaka, kwenye makaburi mawili ambayo watu huyapita bila kuyatazama. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda kwa siku nzima.

Kabla ya kufunga begi: jua unakwenda kuona nini

Usitegemee kukuta kibanda kimoja kilichozungushiwa kamba, chenye kibao kisemacho "alizaliwa humu". Kilichohifadhiwa Butiama ni mji mzima wa familia, unaoitwa Mwitongo. Kwa Kizanaki, lugha ya wenyeji wa pale, jina hilo linabeba maana ya mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu wa zamani. Ukilishika neno hilo, utajua kwa nini unaoneshwa mawe na viwanja vitupu kwa heshima ileile unayooneshwa nyumba.

Kambarage alizaliwa hapo tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, aliyetawazwa na Wajerumani mwaka 1915. Mama yake, Christina Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22, na mji ule ulikuwa na watoto 26. Jina Nyerere maana yake ni viwavi: mzee Burito alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia mashamba. Mtoto naye kwanza aliitwa Mugendi, msafiri, kisha akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa wakati mvua inanyesha. Jina la Julius alilipata ukubwani, alipobatizwa mwaka 1943. Kwa hiyo usishangae ukisikia wazee wa pale wakimwita Kambarage tu. Ndilo jina walilomlea nalo.

Mambo haya yasome nyumbani. Ukifika ukiwa unayajua, mwongozaji hatapoteza nusu saa kukutajia tarehe, atakuelekeza kwenye yale yasiyoandikwa popote.

Hatua ya 1: Chagua siku

Swali la kwanza ni kama unataka watu au unataka utulivu. Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya taifa, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999 katika hospitali ya St Thomas', London. Siku hiyo Butiama huwa na misa, viongozi, magari ya serikali, wanahabari, na vumbi la kutosha. Anayetaka kuhisi uzito wa jambo hilo kwa taifa, aende siku hiyo, ila asitegemee kupata mwongozaji wa peke yake wala nafasi ya kukaa kimya kaburini. Tarehe 13 Aprili, siku ya kuzaliwa, si siku ya mapumziko, lakini iko katikati ya masika.

Mimi napendekeza siku ya katikati ya wiki kati ya Juni na Septemba. Ni kiangazi, miamba imekauka, njia haina tope, na ukibahatika utakuwa mgeni pekee asubuhi hiyo. Jumapili ina faida yake kwa Wakatoliki, kwa sababu Mwalimu alikuwa mtu wa misa na kijijini kuna kanisa. Tangu Jimbo la Musoma lilipoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, wapo wanaokuja Butiama kama mahujaji kabisa, na rozari mkononi. Ila Jumapili asubuhi wenyeji wengi wako kanisani, hivyo usigonge geti saa tatu ukitegemea kupokelewa na kila mtu.

Vyovyote iwavyo, fika asubuhi. Saa tatu ni saa nzuri. Kikundi fulani nilichowahi kusafiri nacho kilifika saa kumi na moja jioni kwa sababu dereva aliamua kupitia kwa ndugu zake. Tulisimama getini tukatazama mapaa, tukarudi.

Hatua ya 2: Panga njia

Butiama iko mkoani Mara, na tangu mwaka 2012 ni wilaya inayojitegemea, iliyomegwa kutoka Musoma Vijijini. Musoma mjini iko kama kilomita 45 hivi kutoka hapo. Njia ni hizi.

*Kutoka Mwanza.* Hii ndiyo njia ya wengi, hasa waliokuja kwa ndege. Mabasi ya Musoma na Tarime hupita Magu, Lamadi na Bunda. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni kama kilomita 220. Kaa dirisha la kulia. Kati ya Lamadi na Bunda barabara inapakana na Hifadhi ya Serengeti, upande wa geti la Ndabaka, na si ajabu kuona pundamilia au nyumbu bila kulipa hata shilingi. Usishukie Musoma kama unakwenda Butiama moja kwa moja. Mwambie kondakta akushushe Makutano, pale barabara ya Musoma inapoachana na ile ya Tarime na Sirari. Mwambie mapema na umkumbushe tena ukipita Bunda, maana makondakta husahau. Hapo Makutano panda gari la Butiama, au bodaboda kama mzigo wako ni mdogo.

*Kutoka Musoma.* Kituo kikuu cha mabasi ni Bweri. Kuna haisi na magari madogo ya abiria yanayokwenda Butiama. Hayana ratiba: yanaondoka yakijaa. Asubuhi yanajaa upesi, mchana unaweza kukaa ndani ya gari hadi ukawajua abiria wenzako kwa majina. Bei uliza kwa abiria aliyeketi tayari, usimwulize mpiga debe.

*Kutoka Arusha.* Yapo mabasi yanayokatiza Ngorongoro na Serengeti hadi Mara. Ni safari ya kupendeza sana, lakini kupita hifadhini kuna viingilio, na kwa asiye Mtanzania viingilio hivyo vinaweza kuzidi nauli mara nyingi. Piga hesabu kabla ya kukata tiketi.

*Kutoka Kenya.* Unavukia Isebania na Sirari, unapita Tarime, unavuka mto Mara kwenye daraja la Kirumi, kisha unafika Makutano kutokea kaskazini. Mkenya abebe pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, maana kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi kuingilia Tanzania.

*Kwa gari lako.* Barabara kuu ni ya lami na haina shida. Jihadhari na ng'ombe jioni, maana Mara ni nchi ya mifugo na mifugo haina taa za nyuma.

Hatua ya 3: Fungasha

Vitu ni vichache. Viatu vinavyofunga vizuri mguu, kwa kuwa utapanda na kushuka miamba, na malapa yatakuaibisha. Kofia. Maji, kwa sababu jua la pale linapiga kwenye mawe na kukurudia usoni. Daftari dogo, kwa sababu wazee huzungumza mambo ambayo simu haitayakumbuka kama umesahau kuibonyeza. Kitambulisho chako, ambacho kinahitajika kulipa kiingilio cha raia. Pesa taslimu kidogo, na salio kwenye simu. Mawakala wapo kijijini, lakini fedha kubwa toa Musoma au Mwanza.

Mavazi yawe ya heshima. Unaingia makaburini na kwenye makazi ya watu. Kaptura na vipande vya kanga vya ufukweni viache kwa safari ya Zanzibar. Akina mama wengi hubeba kitenge cha ziada mkobani, na ni wazo zuri hata kwa kujikinga na jua.

Hatua ya 4: Getini

Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yako chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache tu kabla mwenyewe hajafariki. Anza hapo, mapokezi, hata kama shauku yako ni kaburi. Kuna utaratibu na ni wa kawaida: unasalimia, unajitambulisha, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, unalipa.

Viwango vya kiingilio hutofautiana: raia, asiye raia, mtu mzima, mwanafunzi na mtoto. Malipo ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu unayopewa pale, unalipa kwa simu, unapata risiti. Dai risiti. Si kwamba nimewahi kuibiwa, ila ndiyo fedha inayotunza paa la mahali hapo.

Omba mwongozaji. Usijidai unajua. Na ukimpata, mwambie mapema mambo mawili: una muda kiasi gani, na ungependa kufika wapi. Asipojua, atakupa mzunguko wa wenye haraka, ule wa dakika arobaini. Mwambie, "Leo sina haraka." Utaona uso wake unabadilika.

Jambo moja la kuelewa hapo mwanzo: makumbusho ni ya serikali, lakini Mwitongo ni nyumbani kwa familia. Sehemu hizo mbili zimeshikana. Kuna siku utafunguliwa mlango huu na kuambiwa ule umefungwa, kwa sababu familia ipo, au wana msiba, au wana wageni wao. Usilalamike. Hata wewe kwako hufungulii kila apitaye.

Hatua ya 5: Tembea kwa mpangilio wa maisha yake

Hapa ndipo ninapotofautiana na ziara nyingi. Watu huanza na kaburi kwa sababu ndilo walilolifuata. Wakimaliza hapo, yaliyobaki yote huonekana kama nyongeza. Jaribu kugeuza: anza na waliomtangulia, umalizie na kaburi lake.

*Ndani ya makumbusho.* Anza na vitu vya Wazanaki kabla hujakimbilia zawadi za marais. Tazama vigoda, vyungu na zana za shamba. Wazanaki ni kabila dogo, na wengi husema hilo lilimsaidia Mwalimu: hakuna aliyeogopa kwamba kabila lake lingelimeza taifa. Kisha ingia kwenye maisha yake, uone picha, mavazi, na zawadi alizopewa na watu wa mataifa mengi. Jipe muda mbele ya picha za 1954, mwaka TANU ilipozaliwa Julai 7, uone vijana wembamba waliovaa kaptura na mashati meupe. Mwongozaji mwulize swali hili: kwa nini mtoto wa chifu ndiye aliyefuta uchifu? Sheria ya kuondoa mamlaka ya machifu ilipita mwaka 1963, yeye akiwa Rais, na machifu waliopoteza nafasi zao walikuwa pamoja na ndugu zake wa damu. Jibu utakalopata linategemea umri wa anayejibu. Nimewahi kupewa majibu matatu tofauti kwenye safari tatu.

*Makaburi ya wazazi.* Omba upelekwe kwa Burito na Mgaya. Chifu alifariki mwaka 1942, kabla mwanawe hajaenda Makerere. Mama aliishi hadi 1997. Fikiri hesabu hiyo ukiwa umesimama hapo: mama huyo alimwona mwanawe akienda shule akiwa tayari na umri wa miaka 12, akamwona akirudi kutoka Edinburgh, akamwona akiwa Waziri Mkuu, Rais, mzee mstaafu, na akatangulia miaka miwili tu kabla yake. Wageni wengi hupita hapa wakitazama simu.

*Nyumba.* Mwitongo kuna zaidi ya nyumba moja, na kila moja ni sura ya maisha yake. Aliposhuka madarakani mwaka 1985 hakubaki Dar es Salaam kula pensheni kando ya bahari. Alirudi hapa kulima, ingawa uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1990. Utaoneshwa nyumba aliyojengewa na Jeshi la Wananchi, kubwa kuliko aliyoizoea, ambayo aliishi humo muda mfupi tu kabla ya kwenda London kutibiwa. Simama mbele yake na ukumbuke Azimio la Arusha la 1967 na masharti yake kwa viongozi, yaliyowataka wasijitajirishe. Huna haja ya kusema chochote. Mwulize pia mwongozaji habari za maktaba yake. Mwalimu alikuwa msomaji wa kupindukia, mshairi, na mtu aliyekaa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili huku akiongoza nchi. Ukiruhusiwa kuchungulia rafu za vitabu, soma migongo ya vitabu hivyo kimyakimya. Utajifunza mengi kuliko kwenye hotuba.

*Maghala na shamba.* Watu wa mjini huona ghala la nafaka wakapita. Usipite. Huyu alikuwa mtu aliyesema Kilimo ni Uti wa Mgongo, na hapa unaona kama aliuishi usemi huo au la. Uliza alilima nini, nani alimsaidia, mahindi yalikwenda wapi mwaka wa njaa. Maswali ya shamba huwafungua wenyeji kuliko maswali ya siasa, na mara nyingi kupitia shamba utafikishwa kwenye siasa bila wewe kuuliza.

*Miamba.* Butiama imejaa miamba mikubwa ya mviringo, mmoja juu ya mwingine, kama iliyopangwa na mtoto anayecheza. Panda pale utakapooneshwa, si popote. Ukiwa juu unaona mji wote wa Mwitongo, mashamba, na vilima vya mbali. Kaa. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo pekee isiyohitaji maelezo. Mtoto Kambarage alichunga mbuzi katika nchi hii kabla hajaijua herufi A.

Kuna pia msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa na Wazanaki kama mahali pa mizimu. Usiingie bila mwenyeji, usikate hata kijiti, na usicheke ukisimuliwa. Mtu anaweza kuwa Mkristo, Mwislamu au asiamini lolote, bado adabu ya mgeni ni ileile.

*Bao.* Mwalimu alipenda bao mno, na hata uzeeni alilicheza na wanakijiji wenzake. Kama unajua kucheza, sema. Mzee atakayekuta mgeni anayejua kunamua, ile hatua ya kwanza ya mchezo, atakusahaulisha kwamba una basi la kuwahi. Kama hujui, omba ufundishwe, ushindwe kwa heshima.

*Kaburi lake.* Sasa nenda. Alizikwa hapa tarehe 23 Oktoba 1999, baada ya mwili kuagwa Dar es Salaam na umati ambao waliokuwepo bado wanausimulia. Kaburi limejengewa jengo lake. Vua kofia, zima mlio wa simu, punguza sauti. Usikanyage wala kuegemea. Anayetaka kusali asali, anayetaka kusimama tu asimame. Kwa kuwa umetembea kwa mpangilio huu, unapofika hapa huhitaji mtu wa kukuambia amelala nani.

Mzunguko huu wote, ukijumuisha kupumzika, ni saa nne hadi tano.

Hatua ya 6: Picha na maneno

Kanuni yangu ni fupi: uliza kabla ya kila sehemu mpya. Ruhusa ya kupiga picha nje ya makumbusho si ruhusa ya ndani, na ruhusa ya kaburini si ruhusa ya sebuleni. Ukiona askari au mlinzi, usimwelekezee kamera. Ukitaka kurusha droni, tafuta kibali cha mamlaka mapema sana, la sivyo iache nyumbani.

Wazee waamkie shikamoo kwanza, hata kama una haraka. Kumwuliza mzee wa Kizanaki njia bila kumwamkia ni njia nzuri ya kuelekezwa vibaya. Na usianze mabishano ya Ujamaa na vijiji vya miaka ya sabini mbele ya kaburi. Yana mahali pake, na mahali hapo ni kwenye kivuli, baada ya chai, mtu akishakuzoea. Hapo utasikia mema na machungu yote mawili kwa watu walioyaishi.

Ukienda na watoto au wanafunzi

Walimu, andikeni barua ya shule kwa makumbusho mapema, mtaje idadi na darasa. Kikundi kikubwa kigaweni mara mbili: nusu ndani ya makumbusho, nusu kwenye miamba, kisha mbadilishane. Nimeona watoto mia moja wakisukumwa chumba kimoja, wa nyuma hawakuona chochote ila visogo vya wenzao.

Mpeni kila mtoto swali moja la kutafuta jibu, si karatasi ya maswali ishirini. Kwa mfano: tafuta kitu kimoja hapa ambacho bibi yako pia anacho. Swali hilo moja niliwahi kuliona likiwafanya watoto wa darasa la tano wakae kimya mbele ya kinu na mchi kwa dakika nzima, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kulifanikisha kwa kufoka.

Kula na kulala

Butiama kuna migahawa midogo na nyumba za wageni za kawaida, safi kiasi, bei ya kijijini. Kuna chuo kikuu chenye jina la Mwalimu, hivyo kijiji kinachangamka mwaka hadi mwaka. Anayetaka hoteli yenye ziwa dirishani alale Musoma, aje asubuhi na kurudi jioni.

Chakula cha Mara usikikimbie. Ugali wa mtama au wa muhogo, sato wa ziwani, dagaa. Ukikaribishwa kichuri, chakula cha nyama chenye uchungu wake, onja kwanza kidogo. Wapo wanaokipenda tangu tonge la kwanza. Mimi ilinichukua safari mbili.

Ukibaki na siku ya pili

Rudi Musoma, uende Shule ya Msingi Mwisenge. Hapo ndipo Kambarage alipoanza darasa la kwanza mwaka 1934, akalala bweni, mbali na nyumbani. Kutoka hapo alikwenda Tabora mwaka 1937. Ni shule inayofundisha hadi leo, kwa hiyo pitia ofisini kwa mwalimu mkuu kwanza, na usiende wakati wa mitihani. Safari ya Butiama hadi Mwisenge kwa gari haifiki saa moja na nusu. Mtoto wa miaka 12 wa mwaka ule hakuwa na haisi.

Ambaye hana nauli ya Mara lakini yuko Dar es Salaam anaweza kuanzia Magomeni, Mtaa wa Ifunda, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu miaka ya kupigania uhuru, ambayo nayo imefanywa makumbusho. Ni ndogo, unaimaliza kwa saa moja, na ukiwa umeiona, nyumba za Butiama utazitazama kwa jicho lingine.

Kurudi

Magari ya kwenda Makutano na Musoma hupungua jua linapoanza kushuka. Ukifika tu asubuhi, kabla hata ya kuingia getini, mwulize dereva aliyekuleta gari la mwisho linaondoka saa ngapi, na ukipewa saa, toa saa nzima hapo. Chukua namba ya simu ya bodaboda mmoja unayemwamini. Mimi nilibaki juu ya mwamba nikisikiliza hadithi ya mzee mmoja hadi kivuli kikafika miguuni, nikarudi Makutano nyuma ya pikipiki gizani, kumbikumbi wakinipiga usoni njia nzima. Hadithi yenyewe ilikuwa bado haijaisha. Nilimwambia nitarudi aimalizie, akanijibu nije na tumbaku.